Franga ya Mapasa

Kamina, tarehe 22/9/2024

Kwa yaya Laetitia, dada yangu mukubwa, mama ya mapasa, ku Kinkondja,

Yambo sana. Franga ilifika. Yote, 400 000, ata moya haikupotea mu njia. Tshibangu, ule wa kubeba samaki na baisikeli, alishuka ku kinga yake hapa mbele ya kiosk yangu, jasho mpaka ku pedale, akatosha kitunga, akatosha samaki, akatosha majani, na chini ya majani njo franga yako inafungwa mu sashe ya plastiki. Yaya, mwizi anaweza kuiba franga, lakini ile harufu ata mwizi anaikimbia. Niliitandika ku jua kama vile weye unatandikaka kambale. Bantu bakaanza kusimama, banauliza: "Guelord, unauzisha franga ya moshi?" Nikabajibu: "Eyo. Munataka kilo ngapi?"

Ulichagua muntu wa kweli. Mu familia yetu yote, nani anayua mambo ya franga kunipita? Ni kweli masomo iliniacha mu mwaka ya mbili ya sekondari, ao minyi njo niliiacha, tulikosana tu. Lakini leo nachaji simu ya bantu mingi kila siku, nauzisha inite ya kupigia simu, na bafle yangu inapiga muziki mpaka banaisikia ku gare. Hapa kartye yote bananiita Direkta. Minyi njo nilibaambia baniite vile, lakini banaitika.

Basi nilivaa bilato yangu, viatu nyeusi ya ncha murefu, ile unachekaka ati inafika fasi mbele ya mwenyewe, nikaenda kutafutia franga ya batoto fasi ya kulala. Sikiliza vile niliona.

Kuko benki. Milango ya kioo, na ndani baridi kama asubui ya mwezi ya sita. Mulinzi wa mulango aliangalia kwanza bilato, kisha akaniangalia minyi, akafungua. Pale banakupa karte inangaa. Ukiwa nayo mu mufuko, ata kutembea kunabadilika.

Kuko koperative, pembeni ya gare. Kioo hakuna, kuko bench ya mbao na bamama ya soko banangoja na bitambaa yabo. Ku dirisha kunaikala dada moya, jina yake Ève. Ananiuliza: "Unataka konti ya kawaida ao konti ya kufunga?" Nikamuambia: "Unieleze kama vile unaeleza muntu mwenye akili." Ananiangalia kidogo, anasema atajaribu. Konti ya kufunga, unaweka franga, hauiguse mpaka mwezi ya tatu, na kila miezi tatu inazaa. Nikasema: "Kumbe ni ziwa Kisale! Kwa yaya yangu banafungaka ziwa, samaki banazaa kwa amani, mwezi ya tatu banafungua." Ève akacheka. Yaya, akicheka, ile meno yake ya mbele... Tuache, hii ni barua ya franga.

Kuko simu. Inaingia leo, inatoka leo, haina masharti. Lakini antena ya kwenu ilikufwa tangu mwezi ya saba, njo maana tunaandikiana kama bankambo. Utaona namna gani kama iko?

Kuko na likelemba ya bibi ya basoda, kule ku base. Banamuke kumi na mbili. Kila mwezi kila moya anatia yake, na moya anabeba yote. Mukubwa yabo ni mama moya wa Kinshasa, sauti yake inashinda bafle yangu. Anasema zamu yako inaweza kufika mbio kama unamukumbuka na samaki.

Chagua. Lakini uchague mbio, juu franga iko chini ya kitanda yangu, na kila nikipita pale inaniita jina.

Minyi mudogo yako,
Guelord Monga, Direkta


Kinkondja, tarehe 28/9/2024

Kwa mudogo yangu Guelord, direkta wa nyaya ya simu,

Nilisoma barua yako kwa sauti, na nkambo yetu Kabedi anauliza kama uliandika barua ao ulitengeneza matangazo ya radio. Anakusalimia. Anauliza tena kama unakula, juu muntu wa kusema vile hana nafasi ya kutafuna.

Sasa acha kucheka kidogo. Franga ile haiko yangu na haiko ya bwana yangu Albert. Ni ya Kyungu na Kabange. Tangu banazaliwa, muntu akikutana nabo pa njia anatia franga mbili mu lungo yabo: moya ya huyu, moya ya huyu. Bantu ya soko, bavuvi, ata bapita-njia. Mwaka na kitu inapita, na sikutosha ata ya chumvi. Unayua desturi ya kwetu: mapasa, batoto wawili ya kuzaliwa siku moya, banapewa sawa. Ukimupa moya kofia, unatafuta kofia ya pili mbele ya kulala. Ukisahau moya, anakasirika, na hasira ya pasa inamuingia mu mwili. Usicheke. Naona meno yako mpaka huku.

Na unayua ni ya kazi gani. Albert anavua na bwato ya tata Mwepu. Kila asubui akirudi ku ziwa, nusu ya samaki inashuka kwa Mwepu, kisha njo sisi tunaangalia kama nusu yetu inatosha. Sasa Mwepu mugongo inamuuma, anataka kuuzisha bwato. 450 000. Alisema: siku ziwa inafunguliwa, mwezi ya tatu, tukimuletea franga, bwato ni yetu. Tukikosa, kuko mucuruzi, muntu ya biashara wa Kabongo, anaitaka. Na mucuruzi ule akiikamata, ataweka bavuvi yake, Albert atabaki ku kando na mikono mitupu. Nataka bwato ikuwe ya batoto, na baba yabo akuwe mufanyakazi yabo. Anasema hana shida, bosi wa kulia maziwa hana bukali kama bosi wa kuhesabu samaki.

Kwa hiyo nataka fasi yenye inazaa, na yenye inafunguka mwezi ya tatu. Haiko mbele ya ule mwezi, juu weye uko karibu nayo. Haiko nyuma yake, juu ya mucuruzi.

Likelemba ya base, hapana. Bale bamama beko na roho muzuri, lakini bwana akihamishwa Kisangani, bibi anafunga bitu na zamu yangu inapanda naye mu ndege. Simu, hapana, utaigeuza inite. Ile konti ya kufunga inanipendeza. Muntu wa ziwa anaielewa bila kuelezwa mara mbili. Lakini minyi naona kila mutoto akuwe na konti yake. Kyungu yake, Kabange yake. Sawa kwa sawa, Guelord. Huyu asimupite huyu ata franga moya.

Yaya yako,
Laetitia


Kamina, tarehe 6/10/2024

Kwa mama ya mapasa,

Eyo vidye, heshima kwako! Kazi inaisha, na inaisha vizuri kuliko ulitumaina.

Nilifika kwa Ève, nikamuambia: konti mbili ya kufunga, jina Kyungu, jina Kabange. Anasema batoto habana karte ya uchaguzi, basi inaandikwa ku jina yangu. Nikampa karte yangu. Anasoma, ananiangalia, anasoma tena: "Hapa banaandika uko na miaka makumi mbili na tano. Ndevu iko wapi?" Nikamuambia iko mu njia, inakuya na treni. Unayua vile hii treni yetu inachelewaka. Akacheka mpaka mama wa nyuma yangu anapiga bench na mukono.

Lakini anasema tena: muntu moya, konti moya ya kufunga. Hawezi kunipa mbili. Yaya, muntu mwingine angerudi nyumbani kuuliza. Minyi siko muntu mwingine. Nilifikiri kama dakika moya, bilato inangaa ku jua, nikaona njia.

Kyungu alikuwa wa kwanza kuzaliwa, njo wa kwanza kupata nafasi. 200 000 yake inaingia koperative, inafungwa, samaki banazaa. Kabange, 200 000 yake nilipeleka ku benki ya kioo. Yeye njo alipata karte inangaa! Hana lawama. Mutoto wa mwaka moya na nusu, na franga yake inalala mu baridi ya mashini. Kule hakuna kufunga, lakini bwana wa benki, tai mpaka hapa, alisema franga inakaa "salama na inakua." Banaomba kitu kidogo ya kufungua, kitu kidogo ya karte, na kitu kidogo ya mwezi. Sikuuliza ngapi. Bantu bakubwa habaulizaka.

Kwa hiyo tuko na mashindano: Kyungu ku bench, Kabange ku kioo. Mwezi ya tatu tutaona nani anafika wa kwanza. Ève aliniuliza juu ya nini nagawanya. Nikamuambia ni siri ya bakubwa ya Kiluba. Alitaka kusema kitu, lakini mulolongo ulikuwa murefu.

Minyi,
Guelord, Direkta wa konti mbili


Kinkondja, tarehe 20/12/2024

Kwa Guelord,

Ziwa inafungwa. Kinkondja yote iko kimya, bavuvi banashona nyavu na kugombana na mabibi. Tunakula samaki ya moshi ya akiba na tunahesabu siku.

Yule mucuruzi wa Kabongo alifika kuona bwato. Alipiga-piga mbao na vidole kama munganga anapiga tumbo ya mugonjwa, akasema "Inaweza." Albert hakulala vizuri, anajiuliza kama 400 000 yetu itazaa mpaka ifike 450 000.

Tena, Kabange alikuwa na homa siku ine. Tulimupeleka ku santé, banasema ni malaria, banatupa dawa, na sasa anaanza kulia kwa sauti ya kawaida, aksanti kwa Mungu. Lakini nkambo Kabedi, vile tulirudi, aliketi, akauliza kitu moya tu: "Na franga yake inaendelea namna gani?"

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka. Guelord, nakuyua tangu ulikuwa unalamba sukari na kusema ni mende. Uliandika "mashindano." Mapasa habashindanishwe. Niandikie ngapi iko kwa Kyungu, ngapi iko kwa Kabange. Usiniandikie habari ya meno ya muntu. Niandikie hesabu.

Laetitia


Kamina, tarehe 6/1/2025

Kwa yaya yangu mupendwa sana, mwenye bukali kidogo,

Mwaka muzuri! Bonane kwenu bote, na pole kwa Kabange. Umuambie mujomba anasema franga yake inanenepa, ajaribu na yeye.

Hesabu ulitaka, hesabu njo hii. Kaa chini kwanza.

Kyungu, ku koperative: 206 000.
Kabange, ku benki: 206 000.

Soma tena kama unataka. Sawa kwa sawa, ata makuta moya haizidi. Nilikuambia nini? Minyi nikigusa franga, inajipanga kama basoda ku parade. Nkambo Kabedi alale. Mucuruzi wa Kabongo apige mbao yake mpaka vidole imuume. Mashindano ilikuwa tu maneno ya mudomo, unaniyua.

Huku mambo yote iko muzuri. Kiosk iko muzuri. Nilipunguza muziki kidogo, ni kusema niliacha, juu majirani banataka kupumzika na betri inakulwa bure. Ukimya ni kitu ya bantu bakubwa.

Usitume maulizo ingine ya hesabu, karatasi iko bei.

Guelord


Kinkondja, tarehe 17/1/2025

Kwa Guelord, mukimya,

Kabange anapona. Alipona mbele ya barua yako kufika, na kitu ya kwanza alifanya ni kunyanganya Kyungu ndizi ku mudomo. Kwa hiyo ni dawa ya santé njo ilimuponesha, haiko benki. Nataka uyue.

Sasa ingia kidogo, ufunge mulango.

Tshibangu alikula kwetu jana. Nikamuuliza habari ya mudogo yangu. Anasema: "Guelord eko muzuri, lakini kiosk yake inanyamaza kama kanisa siku ya kazi. Bafle yake sasa inalia ku bar moya karibu ya soko, nilisikia, nikaitambua juu inakohoa fasi ile ile." Nikasema ah. Nikatosha barua yako. 206 000 na 206 000. Albert alikuwa pembeni. Unayua mbele ya kunioa alifanya kazi Lubumbashi, na alikuwa na karte inangaa kama ile, benki ikamukula kila mwezi. Aliangalia hesabu, akasema: "Nyumba mbili, moya ya kioo, moya ya bench, zinazaa sawa mpaka franga ya mwisho? Ata mapasa habatoke saa moya."

Guelord! Benki ilikula franga ya Kabange, na weye uliuzisha bafle ili ujaze shimo!

Nilitaka kukasirika. Niliketi nikangoja hasira ikuye. Ikakuya kucheka. Nkambo Kabedi alicheka mpaka kitambaa ya kichwa ikaanguka mu mboga. Ile bafle, yenye ulikatazaka ata nzi kuikalia!

Sasa sikiliza nkambo, juu ni yeye anaongea, minyi naandika tu.

Kwanza, anatuuliza sisi bote wawili, minyi na weye: "Nani aliwaambia bale batoto bagawanywe? Nilisema sawa. Sikusema mbali. Balilala tumbo moya miezi kenda, banashindwa kulala konti moya?" Ni kweli, Guelord. Minyi njo nilisema kila moya na yake, nkambo hakusema. Tulishikilia desturi sana mpaka tuliipita. Kwa hiyo enda ku benki, tosha Kabange mu ile baridi, umupeleke kwa ndugu yake. Konti moya, majina mbili.

Ya pili. Kile ulitia ku konti ya Kabange ilikuwa franga yako, ya bafle yako. Nkambo anasema ile haiko deni, hakuna muntu alikuomba. Ni zawadi. Mujomba alimupa mwipwa yake zawadi, muzuri sana, tunashukuru, wafwako.

Lakini ulimupa Kabange.

Kyungu anaangalia mukono yako.

Najua sasa hivi unafungua mudomo useme: "Lakini nikimupa Kyungu, atamupita Kabange!" Hapana. Konti ni moya, hakuna wa kumupita mwenzake. Zawadi njo inahesabiwa. Ulimupa moya, unamupa wa pili, kiasi ile ile. Nkambo anasema kama ni yeye, angekusamehe, lakini Kyungu hamusikie.

Pole mudogo yangu. Natetemeka na kicheko, njo maana maandiko inapinda.

Laetitia


Kamina, tarehe 29/1/2025

Kwa yaya Laetitia, mwandishi wa nkambo Kabedi, hakimu mukubwa,

Nilisoma barua yenu mara tatu nikitafuta mulango wa kutokea. Hakuna. Nkambo alifunga na madirisha.

Eyo, ni kweli. Ile "kitu kidogo" ya benki ilikuwa na bandugu mingi. Kitu kidogo ya kufungua, kitu kidogo ya karte, kitu kidogo ya mwezi, na kitu kidogo ya kuuliza kitu kidogo ingine iko ngapi. Ilikula 24 000. Ili nifikie Kyungu nilitia 30 000, na bafle njo ilikuwa 30 000 kamili. Nilisema nitainunua tena mbele ya muntu kuyua. Sikuyua Tshibangu anasikiaka mpaka kikohozi.

Nilienda ku benki. Hakuna muntu alifurahi. Ata kufunga konti banakuomba kitu kidogo. Hiyo nililipa mu mufuko yangu, na nawaomba kwa magoti musimuambie nkambo, juu atasema nilipe na ya Kyungu.

Kisha nikapeleka yote kwa Ève. Nikamuambia: mutoto wa pili njo huyu, andika majina mbili ku konti ya kwanza. Ananiangalia, anaweka kalamu chini. Anasema: "Tangu mwezi ya kumi nangoja uniulize kama konti moya inaweza kubeba majina mbili." Nikamuuliza: "Juu ya nini haukuniambia?" Anasema: "Ulisema ni siri ya bakubwa ya Kiluba. Nkambo yangu ni Muluba wa Kabongo, nikasema labda kwetu tulisahau kitu." Yaya, nilipata haya mpaka ku ncha ya bilato.

Na sasa tuzungumuze bilato.

30 000 ya Kyungu ilikuwa itoke fasi gani? Betri ya kiosk nikiuzisha, Direkta anakufwa. Kitanda, hakuna muntu anaitaka. Basi njo nilitoka ku benki siku ile, na mulinzi wa mulango anafungua, na anaangalia bilato yangu kama vile anaiangaliaka kila siku tangu mwezi ya kenda, kama muntu anaangalia nyama inapita. Nikasimama. Nikamuuliza: "Unavaa namba ngapi?"

Anavaa namba yangu.

Nilirudi kartye na sandali ya plastiki ya bluu, ya kike kidogo, njo alikuwa nayo mu mufuko. Batoto ya kartye banaimba nyuma yangu. Lakini 30 000 ya Kyungu iliingia siku ile ile, na Ève aliona. Hakuniuliza bilato ilienda wapi. Alipiga hesabu ku karatasi, polepole: yote pamoya 442 000, na mpaka konti ifunguliwe mwezi ya tatu itazaa ifike 452 000 na kitu. Bwato ni 450 000. Nikamuambia ahesabu tena. Alihesabu tena. Inatosha, yaya. Bila zawadi ya Kyungu, ingekosa. Umuambie nkambo. Hapana, usimuambie, kichwa yake itavimba, na mu familia yetu kichwa ya kuvimba iko moya tu, ni ya kwangu.

Guelord, miguu ku hewa


Kinkondja, tarehe 6/4/2025

Kwa mujomba ya batoto,

Tshibangu alifika na franga mu mufuko ya bunga, nyeupe yote, na kila noti tuliipangusa mbele ya kuhesabu. Tulimupelekea tata Mwepu asubui ya kufungua ziwa. Mwepu akahesabu, akapiga chafya ya bunga, akahesabu tena, akatosha kasia nyuma ya nyumba na kumupa Albert. Mucuruzi wa Kabongo alifika saa ine na pikipiki yake. Alikuta bwato inaisha kuingia ku maji.

Ile siku Albert alirudi na samaki, na mazoea ikamubeba: akasimama pa njia ya Mwepu, akaanza kugawanya. Nusu huku, nusu kule. Mwepu anamuangalia tu, mikono nyuma. Kisha anasema: "Weye, unafanya nini? Peleka kwa bosi zako." Albert alikusanya yote tena. Alipofika nyumbani alibaweka Kyungu na Kabange mu kitunga, juu ya samaki, bakaanza kulia bote sawa kwa sawa.

Ile 2 000 ilibaki, nilirudisha mu lungo. Moya ya huyu, moya ya huyu.

Nakutumia na Tshibangu kambale mbili ya moshi, ya bwato yetu, mukubwa. Moya inatoka kwa Kyungu, moya inatoka kwa Kabange. Najua mawazo yako mbele haujafikiri: utasema moya ya minyi, moya ya Ève. Hapana, Direkta. Zawadi ya mapasa haigawanywe. Ukule mbili, ao umupe mbili.

Yaya yako,
Laetitia


Kamina, tarehe 21/4/2025

Kwa yaya,

Nilimupa mbili.

Nilifika ku koperative na kambale mukono huku na mukono huku, harufu inanitangulia mpaka ku dirisha, bamama ya bench banapisha njia. Ève anauliza: "Moya ni yangu?" Nikamuambia desturi inakataza, ni zote ao hakuna. Alichukua zote. Nikasema basi, Guelord, bafle ilienda, bilato ilienda, sasa na samaki. Nilikuwa naisha kugeuka, njo anasema: "Desturi inakataza na kuzikula pamoya?"

Siku ya Mungu, jumapili, nilienda kwabo. Mama yake alipika zote mbili, akaziweka ku sahani moya mukubwa katikati, na sisi bote tukazunguka. Nilivaa sandali yangu ya bluu. Mama aliniangalia ku kichwa mpaka ku miguu, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikafungua mudomo niseme Direkta.

Ève akanitangulia. "Ni mujomba wa mapasa," anasema. Mama akanisogezea sahani.

Guelord